Kiyoyozi kinatoa hewa ya moto baada ya kubadilisha themostati: usikubali kujaziwa gesi

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Tumehamia nyumba Mbezi Beach yenye AC ya kati. Mashine moja iko darini, nyingine nje, na hewa inatokea kwenye matundu ya kila chumba. Sebuleni ukutani kulikuwa na themostati ya zamani, kioo kimefifia hata namba huoni. Kaka yangu aliye Marekani akanitumia mpya, fundi wa mtaani akaifunga Jumamosi. Tangu siku hiyo nikiweka COOL inatoka hewa ya moto. Fundi anasema gesi imekwisha, anataka kujaza. Kabla ya kubadilisha ilikuwa inapoza vizuri. Nimekutumia picha za kibandiko cha mashine ya nje, waya, kibao cha zamani na kipya. Nifanye nini?"

Marahaba dada yangu. Zima AC hapo kwenye themostati, mwambie fundi asubiri, na usome haya mpaka mwisho kabla hujatoa hata shilingi moja ya gesi.

Umeandika sentensi moja inayobeba nusu ya jibu: kabla ya kubadilisha ilikuwa inapoza vizuri. Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Inazunguka humo humo kwenye mabomba ya shaba mwaka hadi mwaka, na ikipungua ujue kuna mahali inavuja. Kuvuja huko kuanze Jumamosi ile ile fundi alipofungua kifaa cha ukutani, ambacho hakigusani na bomba hata moja? Ni vigumu. Halafu mashine yenye gesi kidogo haitoi hewa ya moto. Inatoa hewa ya vuguvugu kama ya chumbani, na mara nyingi koili ya ndani, yale mabomba yanayopoza hewa, huganda barafu. Wewe unasema moto. Basi kompresa, ile pampu ya gesi, inafanya kazi, gesi ipo, na joto linasukumwa ndani badala ya kutupwa nje.

Ukimruhusu aongeze gesi kwenye mfumo uliokwisha kujaa, siku kosa lenyewe litakaporekebishwa utabaki na mashine yenye shinikizo kupita kiasi, kompresa inayochemka na LUKU inayokimbia. Utalipa tena kuipunguza. Hilo ndilo linaloniuma katika maswali ya aina hii: kosa la waya au la mpangilio, lisilogharimu kitu, linageuzwa kuwa ugonjwa wa kompresa.

Sasa tuingie ndani. Kibandiko cha mashine yako ya nje kinasema ni pampu ya joto. Kiyoyozi cha kawaida kinajua njia moja tu: kutoa joto ndani na kulitupa nje. Pampu ya joto inafanya hivyo, lakini ina vali ya kugeuza ambayo inaweza kubadili mwelekeo wa gesi, ikachukua joto la nje na kulileta ndani. Imetengenezwa kwa ajili ya nchi zenye baridi miezi kadhaa ya mwaka. Hapa Dar, hata Julai usiku, hakuna anayehitaji kupashiwa nyumba, lakini vali ipo na lazima iambiwe ikae upande gani. Hata baadhi ya AC za kawaida za ukutani zinazouzwa mjini zina vali hiyo, ndiyo maana rimoti zake zina alama ya jua.

Anayeiambia vali ikae wapi ni themostati. Yenyewe haipozi wala haipashi. Ni swichi yenye kipima joto. Inapokea umeme mdogo wa volti 24 kutoka kwenye transfoma iliyomo ndani ya mashine ya darini, kisha inaupeleka kwenye waya mmoja au mwingine kulingana na unachotaka. Herufi kwenye kibao chake, pale waya zinapochomekwa, zina maana zake. R ni umeme unaoingia, C ni njia yake ya kurudi, Y huamsha kompresa, G huzungusha feni ya ndani, na O/B huenda kwenye vali ya kugeuza. W, au wakati mwingine AUX au E, ni hita za umeme za ziada. Hizo nitazirudia kwa sababu zina hatari yake.

Tatizo lako, kwa asilimia kubwa ya uhakika wangu, liko kwenye hiyo O/B. Watengenezaji hawakukubaliana. Wengi wao, wakiwemo Carrier, Lennox na Goodman, huipa vali umeme wakati wa kupoza. Huo ndio mtindo wa O. Rheem na ndugu yake Ruud huipa umeme wakati wa kupasha, mtindo wa B. Themostati mpya haina njia ya kujua imefungwa kwenye mashine ya nani, kwa hiyo siku ya kwanza inauliza. Aliyeifunga akibonyeza endelea, endelea, endelea bila kusoma, inabaki na jibu la kiwandani au jibu la kubahatisha. Likiwa siyo, unapata unachokipata sasa: unaomba baridi, unaletewa joto.

Kuna kipimo cha kuthibitisha hili bila bisibisi wala mita. Amka mapema kabla nyumba haijapata joto. Weka themostati kwenye HEAT, pandisha namba juu ya joto la chumba, kisha subiri. Nasisitiza asubuhi kwa sababu themostati nyingi hazikubali kupandishwa zaidi ya nyuzi 32, ambazo kwa namba za Kimarekani ni 90. Sebule yako ikishafika huko mchana wa Februari, HEAT haitawaka kabisa na utadhani kipimo kimeshindwa. Na ukishaweka, usibonyeze bonyeze. Themostati ina ulinzi wa kuchelewesha kompresa, kwa kawaida dakika tano, ili isiwake wakati shinikizo bado halijatulia. Maandishi yatapepesa kwenye kioo muda wote huo. Huo si ubovu.

Ikitoka hewa ya baridi ukiwa kwenye HEAT, shukuru Mungu na mwage fundi wa gesi. Kila kitu kizima. Ni mpangilio wa O na B tu umekaa kinyume.

Ikiwa mashine ya nje imekaa kimya kabisa kwenye HEAT, sababu inayoelekea zaidi ni kwamba themostati imeambiwa nyumba ina kiyoyozi cha kawaida chenye tanuri la kupashia nyumba, siyo pampu ya joto. Kwenye baadhi ya aina, tundu la O/B na la W ni moja, na kazi yake inabadilika kulingana na jibu ulilotoa kwenye mpangilio. Ukiiambia ni mfumo wa kawaida, wakati wa kupoza haipeleki umeme wowote kwenye vali, na mashine ya mtindo wa O isiyopata umeme kwenye vali huleta joto.

Ikitoka hewa ya moto kwenye HEAT na kwenye COOL vile vile, basi vali haigeuki kabisa. Hilo lina safari yake na nitalifikia mwishoni.

Kwa hali mbili za kwanza, dawa iko kwenye menyu ya fundi ndani ya themostati. Njia ya kuifungua imeandikwa kwenye karatasi iliyokuja kwenye boksi. Mara nyingi unashikilia kitufe kimoja au viwili kwa sekunde kadhaa. Tafuta sehemu ya aina ya mfumo, chagua pampu ya joto. Kisha tafuta sehemu ya vali ya kugeuza, chagua iwe na umeme wakati wa kupoza. Kibao chako cha zamani, ambacho nakupongeza sana kwa kutokitupa, kina waya wa rangi ya machungwa kwenye tundu lililoandikwa O peke yake, siyo B. Hilo ndilo shahidi wangu kwamba mashine yako ni ya mtindo wa O. Ukiwa kwenye menyu hiyo hiyo badilisha pia namba zisomeke kwa Selsiasi, maana kupanga AC kwa 77 wakati kichwani una 25 kunachosha bure.

Nimetazama picha ya kibao kipya. Nyekundu iko R, njano Y, kijani G, buluu C, ya machungwa O/B. Sawasawa na cha zamani, ukiacha waya mweupe nitakaoufikia. Fundi wako alihamisha waya vizuri, mpe haki yake. Lakini naomba wasomaji wengine wasichukue rangi hizi kama sheria. Rangi ni mazoea ya aliyevuta waya, na Dar hii mtu huvuta waya aliokuta dukani. Kinachoongoza ni herufi ya tundu ulikotoa waya. Ndiyo maana kabla ya kufungua skrubu hata moja unapiga picha, kisha unabandika kila waya kipande cha teipu chenye herufi yake.

Mtego mkubwa kuliko yote uko hapa. Kwenye baadhi ya mifumo ya zamani ya Trane na American Standard, B si waya wa vali. Ni njia ya kurudi, yaani C ya wengine. Vali yao iko kwenye O. Mtu akikuta waya wa buluu kwenye B, akauchomeka kwenye O/B ya themostati mpya, anaunganisha umeme na njia yake ya kurudi moja kwa moja. Ukibahatika fyuzi inakatika. Usipobahatika transfoma inaungua, au themostati mpya inakufa kabla haijatimiza siku. Ukiona kwenye kibao cha zamani O ina waya na B ina waya, simama. Fuata waya wa B mpaka darini uone umefungwa wapi kwenye kadi ya mashine, yaani bodi yake ya saketi.

Nikitaja fyuzi: kwenye kadi ya mashine ya darini mara nyingi kuna fyuzi ndogo bapa ya ampea 3 au 5, ya aina ile ile ya kwenye gari. Themostati ikizimika ghafla baada ya mtu kuchezea waya, hiyo ndiyo ya kuangalia kwanza. Unaipata kwenye maduka ya spea za magari Kariakoo au Gerezani kwa pesa ndogo. Weka ya namba ile ile. Ukiona mtu anataka kuziba pale kwa uzi wa shaba, mtoe nyumbani kwako, maana anaondoa kinga pekee ya transfoma.

Na kabla ya kugusa waya wowote, zima sakiti breka zote mbili, ya mashine ya darini na ya nje. Watu huzima ya nje kwa sababu ndiyo inayopiga kelele, wakasahau kwamba volti 24 zinatoka darini. Volti 24 hazitakuua, lakini upande wa pili wa transfoma kuna 230, na kapasita ya mashine ya nje huhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Dari na mashine ya nje mwachie mtu aliyesomea. Chuo cha VETA Chang'ombe kinatoa vijana wazuri wa majokofu na viyoyozi, na kwa kazi za umeme wa nyumba muulize mtu leseni yake ya EWURA. Hata fundi wako huyu anaweza kuendelea na kazi akikubali kusoma karatasi ya maelekezo kwanza.

Sasa ule waya mweupe. Kwenye kibao cha zamani ulikuwa kwenye W2, kwenye kipya umeachwa unaning'inia. Usiurudishe. Ndio unaoziita hita za umeme zilizomo kwenye mashine ya darini. Hita hizo kwa nyumba kama yako huwa kati ya kilowati 5 na 15. Chukua ya 10: ikiwaka saa moja imekula uniti 10 za LUKU, kwa ajili ya kupasha nyumba ya Mbezi Beach! Mtoto akibonyeza HEAT au EM HEAT (joto la dharura) siku moja mkiwa hampo, mtarudi nyumbani mkute giza. Waya ukiwa haujafungwa, themostati haina namna ya kuziamsha. Lakini usiuache uchi. Kata ncha, ufunge teipu vizuri, uukunje pembeni. Kisha ingia kwenye menyu, sema hakuna joto la ziada.

Ukiwa bado umekifungua kibao, tazama tundu la ukutani nyuma yake. Kwenye picha naona bomba la waya linapanda mpaka darini, na liko wazi. Chini ya bati lenu mchana kuna joto kali, na hewa hiyo inashuka kwenye bomba na kupuliza kipima joto kwa nyuma. Themostati itasoma nyuzi 29 wakati sebule iko 25, na AC haitapumzika. Ziba tundu kwa silikoni au plasta laini, acha waya zipite tu. Mjusi na sisimizi nao watakosa njia. Mafundi wetu huwapenda sana wadudu hao, maana sisimizi wakijaa kwenye kontakta, ile swichi inayowasha kompresa kwenye mashine ya nje, haigusi vizuri na kazi inapatikana.

Feni iache kwenye AUTO, usiiweke ON. Watu wengi wa mwambao wanaweka ON wakidhani hewa itakuwa safi zaidi. Wakati kompresa imepumzika, koili ya ndani bado imelowa maji iliyoyatoa hewani. Feni ikiendelea kuzunguka inayakausha maji yale na kuyarudisha vyumbani. Msimu wa masika utaona nguo kabatini zinaota ukungu na AC inafanya kazi kutwa. Nyuzi 25 na feni AUTO, nyumba inakuwa kavu na mtu analala.

Kwa msomaji mwingine anayefikiria kununua themostati kwa sababu ya swali hili, nina maneno machache. Kwanza ujue ulichonacho. Kama AC yako ya darini ni ya Daikin na kidhibiti cha ukutani kina waya mbili zilizoandikwa P1 na P2, hiyo si themostati ya volti 24. Ni kompyuta inayozungumza na mashine kwa lugha yake yenyewe, na utanunua ya Daikin tu. Mashine nyingi za Asia za namna hiyo ziko vivyo hivyo. Na kwenye maghorofa ya mjini yanayopozwa kwa maji baridi kutoka kwenye mtambo mmoja, themostati nyingi za vyumbani hupitisha volti 230 zenyewe. Utaona L, N na kasi tatu za feni. Ukichomeka themostati ya volti 24 pale, inaungua mkononi mwako.

Pili, angalia umri wa kinachouzwa kwa bei ya kutupa. Google iliacha kuhudumia themostati zake za Nest za kizazi cha kwanza na cha pili tarehe 25 Oktoba 2025. Zinapoza bado ukizibonyeza ukutani, lakini hazipatikani tena kwa simu. Hiyo ndiyo sababu moja ya kuziona nyingi za mtumba. Na hizi za intaneti nyingi zinahitaji waya wa C ili zisife njaa. Dada, wewe unao, wa buluu, kwa hiyo hilo halikuhusu.

Turudi kwenye ile hali ya tatu, moto kwenye HEAT na kwenye COOL, hata baada ya kurekebisha mpangilio. Hapo mwite fundi mwenye mita. Weka COOL, kompresa iwake, kisha apime volti kati ya O na C kwenye mashine ya nje. Kama hapati kitu karibu na 24, waya umekatika njiani au ncha yake imeoza kwa chumvi ya bahari, jambo la kawaida sana kuanzia Msasani mpaka Kunduchi. Akikata ncha na kukuta shaba imegeuka kijani, aikate tena mpaka afike kwenye shaba inayong'aa. Kama volti zipo, aguse ncha ya bisibisi kwenye nati iliyoshikilia koili ya vali, ile pipa ndogo ya waya iliyokaa juu ya bomba la shaba. Koili nzima iliyopata umeme inavuta bisibisi kama sumaku. Isipovuta, koili imekufa, na inabadilishwa bila kufungua gesi hata kidogo, skrubu moja na waya mbili. Ikivuta lakini hewa bado ni ya moto, vali yenyewe imekwama ndani. Hiyo ndiyo hali pekee katika haya yote inayohitaji kutoa gesi, kuchomelea mabomba na kujaza upya kwa kipimo cha uzito kilichoandikwa kwenye kibandiko. Na gesi ya zamani ikusanywe kwenye mtungi, isiachiwe hewani.

Fanya kipimo cha asubuhi kesho, uniandikie kilichotoka.